Gereji ya Wasomaji: Boneti iinuliwe au iachwe?

Kaskazi ikilegea na jua la Februari na Machi likishika, barua zinazotufikia kutoka Malindi na kwingineko pwani hugeukia joto la injini. Safari hii nyingi zimeuliza jambo moja: kuinua boneti kwa nyuma ili injini ipate pumzi. Tumezikusanya mahali pamoja, na zilizofanana tumezijibu kwa mkupuo.

Naendesha Probox kati ya Gongoni na Malindi mjini, abiria na mizigo. Mchana nikisimama stendi kusubiri watu, mshale wa joto unapanda. Nikitoka unashuka. Mwenzangu ameniambia niweke washa, vile vibati vya duara vya bolti, tatu tatu kwenye bawaba za boneti, nyuma ipande kidogo, joto litoke. Yeye amefanya na anasema feni yake haivumi tena kila dakika. Nami nifanye?
*Dereva, Gongoni*

Mwenzako hakudanganyi, ila amekupa nusu ya habari.

Tuanze na nusu yake. Gari likisimama, feni huvuta hewa kupitia rejeta na kuisukuma ndani, chini ya boneti. Hewa hiyo imeshabeba joto la maji, inaongezewa la ekzosi, na njia yake ya kutokea ni chini tu, pembeni mwa giaboksi. Ukifungua mwanya kule nyuma, umeitobolea mlango wa pili. Weka kiganja juu ya mwanya huo feni ikizunguka, utapata pumzi ya moto kama ya mdomo wa tanuri la mikate. Hapo ndipo wengi wanapoamini na kufunga mjadala.

Nusu ya pili iko barabarani. Upepo ukipita juu ya boneti huja kugota kwenye kioo cha mbele. Pale pembeni, boneti inapokutana na kioo, hewa hujirundika na presha yake hupanda. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana matundu ya hewa safi ya abiria wameyaweka hapo hapo chini ya waipa: gari likienda, hewa hujiingiza yenyewe. Sasa na mwanya wako uko mahali hapo hapo. Ukishika mwendo, joto halitoki tena kwa huko, upepo ndio unaoingia. Rejeta nayo hupumua kwa tofauti ya presha, mbele kubwa, nyuma ndogo. Ukiijaza hewa nyuma yake, inayopita katikati inapungua, na maji yanakosa kupoa.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kilomita 80 kwa saa, upepo ukizuiwa kabisa una presha ya paskali 290 hivi, inayotosha kuinua maji milimita 29 ndani ya mpira mwembamba. Hewa ya moto je? Chukua hewa ya nyuzi 80 chini ya boneti na ya nyuzi 30 nje, kimo cha nusu mita: inajisukuma kwenda juu kwa paskali 0.8, basi. Hata tukisema chini ya kioo inafika theluthi tu ya presha ya upepo, bado ni zaidi ya mara mia. Kutegemea joto lipande lenyewe gari likiwa mwendoni ni kupuliza tanga kwa mdomo.

Usituamini, jaribu. Kata nyuzi za sufu nane za sentimita 10, zibandike kwa selotepu kwenye ukingo wa nyuma wa boneti, kila moja umbali wa shubiri, ncha ikiwa huru. Fungua mwanya, mwenzako akae kiti cha mbele na simu arekodi kupitia kioo. Simameni kwanza feni ikivuma, kisha nendeni kwa 40, 60 na 80 kwenye kipande kilichonyooka baada ya daraja la Sabaki. Mkiwa mmesimama nyuzi zitapeperuka juu. Mwendo ukikolea zitalala na kufyonzwa ndani ya mwanya. Magari hutofautiana, mengine hugeuka mapema na mengine huchelewa, kwa hiyo pima lako, si la jirani.

Halafu kuna washa zenyewe. Washa ya bolti ya M8 ina unene wa milimita 1.6. Tatu hazifiki hata milimita 5, na mpira wa nyuma wa boneti ukiwa bado mzima unaweza kujikunjua ukaziba mwanya wote huo. Huenda mwenzako anafurahia kitu ambacho hakipo.

Turudi kwenye gari lako. Umetuandikia neno la maana kuliko swali lenyewe: linapanda likisimama, linashuka likitembea. Joto la kusimama na joto la mwendo ni maradhi mawili. Likipanda kwenye mwendo, shuku rejeta iliyoziba, maji machache, pampu ya maji au thamostati, ile valvu inayoyafungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto. Likipanda kwenye kusimama na kushuka kwenye mwendo, kazi ambayo upepo unaifanya ukiwa njiani ni kazi ya feni ukisimama, nayo haifanyiki. Kwa hiyo hatua ni hizi, kwa mpangilio huu.

Washa injini, washa AC, kisha weka ukurasa mmoja wa gazeti mbele ya grili. Feni nzima itaufyonza ushikamane hapo. Ukianguka, feni ni dhaifu. Ukipeperushwa kwako, kuna fundi aliyebadilisha mota akageuza nyaya, inapuliza kwenda mbele badala ya kuvuta. Hilo tunaliona mara nyingi kuliko inavyostahili.

Feni ikiwaka kwa AC lakini haiwaki kwa joto la maji, tafuta sensa na waya wake. Isipowaka kwa lolote, fyuzi, rilei, kisha mota. Ikiwaka lakini inazunguka kivivu, pima volti kwenye plagi ya mota injini ikiwa inanguruma: upate 13 na kitu. Ukipata 11, umeme unapotea njiani, na huku kwetu njiani maana yake ni plagi iliyoota ukungu wa kijani kwa hewa ya chumvi. Ukipata 13 na bado inajikokota, kaboni za mota zimekwisha.

Mwisho tazama kava ya plastiki inayoizunguka feni. Ikiwa ilivunjika ikatupwa, feni inavuta hewa ya pembeni mwake tu, na sehemu kubwa ya rejeta haiguswi. Tazama pia sponji za pembeni na juu ya rejeta. Zikikosekana, hewa ya moto huzunguka ikarudi mbele na kuvutwa tena. Kama boneti ya mwenzako kweli ilisaidia, huenda ni marudio hayo iliyoyapunguza. Lakini dawa ya marudio ni sponji: nunua ile ya kujibandika, unene wa milimita 20, uzibe kila mahali ambapo mkono wako unapita kati ya rejeta na bodi.

Nimeshainua boneti ya saluni yangu. Fundi alikata vipande vya bomba vya milimita 12 akaviweka kwenye bawaba. Mjini ni safi. Nikienda Mombasa, nikipita Kilifi na kufika spidi ya mia, mshale unapanda, na zamani haukuwa ukipanda. Tena nikizima AC na kufungua hewa ya nje, ndani kunanuka moshi. Kuna uhusiano?
*Msomaji, Maweni, Malindi*

Upo, na barua yako imemjibu mwenzako wa Gongoni vizuri kuliko sisi. Joto lako la mwendo umelinunua kwa vipande hivyo vya bomba.

Harufu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Ule mpira mrefu uliolala ukingoni nyuma ya boneti haukuwekwa kuzuia kelele tu. Unatenga hewa ya injini na matundu ya hewa ya abiria, ambayo yako shubiri moja tu kutoka hapo. Boneti imepanda, mpira haugusi tena, na chochote kinachovuja chini kinaingia kwenu, hasa mkisimama kwenye foleni. Moshi unaonuka una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na gesi hiyo yenyewe haina harufu. Kichwa kikiuma na usingizi ukikujia safarini usiseme ni uchovu. Toa vipande leo, na hadi utakapovitoa endesha madirisha wazi.

Kisha utafute moshi unatoka wapi, maana boneti haikuuzalisha, imeuonyesha njia tu. Asubuhi injini ikiwa baridi iwashe na usikilize kwenye manifodi ya ekzosi: mlio mfupi mfupi wa tik-tik unaopungua injini ikipata moto ni gasketi inayopumua au bolti iliyokatika. Tazama pia masizi meusi kwenye maungio. Kama ni harufu ya mafuta yanayoungua, angalia kava ya valvu, huenda inadondoshea oili kwenye manifodi.

Sasa bolti. Tunakisia fundi alirudisha zile zile. Tuseme bolti ina urefu wa milimita 20. Bawaba imekula 3, bomba limekula 12, zimebaki 5 za kushika nati iliyochomelewa ndani ya boneti. Bolti ya M8 inatakiwa ipite nati yote, karibu milimita 8. Hiyo yako imeshika kwa nyuzi tatu nne, na kila shimo la barabarani linazilegeza. Gari likigongwa kwa mbele, boneti imetengenezwa ijikunje katikati na bawaba ziizuie isirudi nyuma kwenye kioo. Bawaba zilizoshikwa na nyuzi nne haziwezi kazi hiyo.

Kuirudisha kunataka watu wawili na spana, mara nyingi ya 12 kwa Toyota. Kabla ya kulegeza, chora kwa kalamu ya wino mzito mzunguko wa kila bawaba kwenye boneti. Fanya upande mmoja kwanza, mwenzako akishikilia pembe isije ikagonga kioo, kisha wa pili. Kaza kwa mkono, shusha boneti polepole, angalia nafasi ya kulia na kushoto zilingane, ndipo ukaze kwa spana. Jaribu kufuli ya mbele mara kumi: boneti iliyoinuliwa nyuma hubadilisha pembe ya ndoano, na huenda fundi aliisogeza kufuata.

Je, nikiendesha boneti ikiwa imefunguliwa hatua ya kwanza tu, nimeifunga kwa kamba kwenye grili?
*Kijana wa Ngala*

Usifanye. Presha ya upepo inaingia kwa mbele, chini ya boneti, na kuinyanyua. Kile kindoano cha pili kiliwekwa kukuokoa ukisahau kufunga, hakikuwekwa kubeba mzigo safari nzima. Kikikatika, boneti inapiga kioo na huoni mbele. Kamba ya plastiki karibu na rejeta nayo hulainika kwa joto.

Nina Prado ya dizeli yenye ile pua juu ya boneti. Niliinua nyuma kwa washa, na gari limekuwa zito kwenye mlima. Moshi umeongezeka. Je, ni nozeli?
*Msomaji, Watamu*

Kabla hujafungua nozeli, rudisha boneti. Pua hiyo haipozi injini, inapeleka upepo kwenye intakula, kipoza hewa inayoingia kwenye injini, iliyokaa juu ya injini, na chini yake kuna fremu ya sponji inayokandamiza intakula ili hewa yote ipite ndani yake. Ukiinua boneti, sponji haigusi. Hewa inamwagika pembeni, intakula inabaki inachemshwa na injini iliyo chini yake. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi: kila nyuzi 10 ni pungufu ya asilimia 3 hivi, kwa hiyo kutoka nyuzi 30 hadi 60 umepoteza karibu asilimia 9 ya hewa ya kuchoma dizeli. Ndiyo uzito na ndiyo moshi.

Ukisharudisha, paka chaki kwenye ukingo wa intakula, funga boneti, fungua. Chaki iwe imehamia kwenye sponji pande zote nne. Penye mapengo, sponji imekufa, badilisha.

Tunapeleka wageni Tsavo Mashariki kwa Land Cruiser, tunaingia kwa lango la Sala. Kwenye mchanga, gia ndogo, gari linapata joto. Fundi anataka kukata matundu mawili kwenye boneti. Tukubali? Yakatwe wapi?
*Kampuni ndogo ya utalii, Malindi*

Wazo la matundu ni bora kuliko la washa, kwa sharti yakae mahali pake. Upepo ukipanda ukingo wa mbele wa boneti huruka kidogo, na nyuma tu ya ukingo huo presha inashuka. Tundu likiwa katika theluthi ya mbele hadi katikati, upepo wa mwendo unavuta joto nje badala ya kulisukuma ndani. Likikaribia kioo umerudi kwenye ugonjwa wa washa. Sisi tungeacha sentimita 30 za mwisho bila kuguswa. Bandikeni zile nyuzi za sufu boneti nzima, mistari mitano, mwende 80, mtazame zipi zinanyanyuka na kutetemeka. Hapo ndipo penye mvuto.

Lakini msikate bado. Mnaendesha kilomita 20 kwa saa kwenye mchanga, na kwa mwendo huo upepo hauvuti kitu. Joto lenu ni la kusimama, hata kama magurudumu yanazunguka. Nendeni kwanza kwenye rejeta.

Chukua tochi, inama mbele ya grili, na upitishe ukucha taratibu kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vilivyokunjwa kati ya mirija. Kwenye gari lililolala Malindi miaka kadhaa, mara nyingi safu za chini hazikinzi ukucha, zinapukutika kama jani kavu la mkorosho. Za shaba zimegeuka kijani, za alumini zimetoa unga mweupe. Chumvi imekula pale pezi linaposhikana na mrija. Maji bado yanapita, hayavuji tone, na kila anayeangalia anasema rejeta ni nzima. Ila joto la mrija halina tena pa kwenda, maana pezi limeachana nao. Robo ya rejeta ikiwa hivyo, hakuna tundu la boneti litakalowasaidia. Peleka ikawekewe koa mpya, yaani mirija na mapezi yake.

Mapezi yakiwa mazima, fungueni boliti za kondensa ya AC, ile kama rejeta iliyo mbele ya rejeta, muisogeze mbele kidogo bila kukata bomba, mtazame kati yake na rejeta. Huko ndiko udongo mwekundu wa Tsavo, mbegu za nyasi na mabawa ya panzi hujipanga vikawa blanketi. Kwa mbele hamlioni. Osheni kutoka upande wa injini kuja mbele, kwa mpira wa kawaida wa bustani, mpaka maji yatoke meupe. Mashine ya presha hulaza mapezi, na pezi lililolala ni sawa na lililoziba. Kila mkirudi safari, na mkiwa mnakaa ufukweni angalau mara moja kwa mwezi, mwagieni maji matamu.

La tatu ni feni. Hizo dizeli nyingi zina feni ya klachi, kiungo kinachoizungusha feni, yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, subiri isimame, sukuma pezi la feni kwa kidole. Linapaswa kukaza kama kijiko ndani ya asali. Likizunguka kiulaini mizunguko kadhaa, au kukiwa na alama ya mafuta iliyorushwa kutoka katikati ya klachi, silikoni imetoka. Na dereva afundishwe hili: feni na pampu ya maji vinafuata mzunguko wa injini. Kwenye mchanga, gia ya chini na mizunguko 2,500 inapoza kuliko gia ya juu inayokabwa kwenye 1,200.

Haya yote yakishakuwa sawa na bado mnataka matundu kwa ajili ya safari ndefu za lami, kateni mawili, kila moja kama sentimita 10 kwa 25, katikati ya mbavu za ndani za boneti. Msikate ubavu wenyewe, boneti itapiga makofi. Kila ukingo uliokatwa pakeni praima ya zinki siku hiyo hiyo, kwa hewa ya hapa kesho yake kuna kutu. Chini ya kila tundu wekeni sinia ya bati yenye mpira wa kutolea maji pembeni, hasa upande wa altaneta. Masika yakija mtajua kwa nini.

Fundi alitoa thamostati akasema nchi ya joto haihitaji. Sasa gari linachemka zaidi. Najaza maji ya kisima kila siku.
*Dereva wa pikapu, Mokowe*

Una makosa mawili. Thamostati nyingi, zikifunguka, huziba papo hapo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, mkato unabaki wazi, na sehemu ya maji yako haionji rejeta kabisa. Rudisha yenye nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, 82 ndiyo unayoiona mara nyingi. Ijaribu kabla ya kufunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, iwe imeanza kufunguka ikifika nyuzi zake.

Visima vya pwani vina chumvi na chokaa. Chokaa hujenga ganda ndani ya mirija, chumvi hula alumini ya hedi, kichwa cha injini. Changanya kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mashine, au ya mvua safi uliyokinga ukikosa. Na kama unajaza kila siku, maji hayo yanakwenda mahali. Tazama kifuniko cha rejeta kwanza. Kifuniko cha presha ya baa 0.9 kinayafanya hata maji matupu yasichemke hadi karibu nyuzi 119. Mpira wake ukipasuka, yanachemka kwenye 100 na kumwagikia nje, nawe unadhani injini imeharibika. Kubadilisha kifuniko ni gharama ndogo kuliko gasketi ya hedi. Kikiwa kizima na maji bado yanapungua, ndipo uipime hiyo gasketi.

Mimi ni mama ninayeendesha gari dogo mjini. Linasimama juani mchana, betri inakufa kila mwaka na nusu. Nikifika nyumbani niache boneti wazi?
*Msomaji, Shella, Malindi*

Hapa ndipo kuinua boneti kunapofaa bila ubishi, mama: gari limesimama, limezimwa, liko uani kwako.

Injini ikizimwa, maji na hewa vinaacha kutembea lakini chuma bado kina moto, kwa hiyo joto chini ya boneti hupanda kabla ya kushuka. Mipira, plagi za waya na betri huiva kipindi hicho. Ukifungua boneti kwa nusu saa ya mwanzo, kile kilele hakifiki. Funguo iwe umeichomoa, maana feni za umeme za magari mengine huweza kuanza ghafla injini ikiwa imezimwa. Usiweke mkono karibu nayo, na usifungue kifuniko cha rejeta.

Boneti itegemee fimbo yake, usiiache imening'inia kwenye kindoano. Mchana mjini, tafuta kivuli cha ukuta, na uegeshe pua ikiangalia upande upepo unakotoka ili upite kwenye grili.

Kwa betri, angalia kama ile kava yake ya sponji au plastiki nene ingali pale. Mafundi huitoa wakidhani ni uchafu, kumbe ndiyo mwavuli wake dhidi ya ekzosi. Kisha pima chaji injini ikiwa inanguruma: 13.8 hadi 14.5. Ikizidi 15, altaneta inaikaanga betri, na hilo haliponi kwa hewa. Kama betri yako ni ya kufunguka, chungulia maji yake kila mwezi wakati wa joto, yafunike sahani kwa milimita 10, na uongeze maji ya betri tu.

Ukienda kufunga, iinue boneti kwanza utazame juu ya injini. Paka wa Shella wamejua zamani kwamba pale kuna joto zuri la jioni.